Mpasuko wa kisiasa nchini Marekani: Imani ya wananchi hurudishwaje?



Ndugu msomaji, katika kiangazi cha mwaka 2022 nilipata nafasi ya kuhubiri juu ya utume wa kimisionari katika parokia moja ya Magharibi ya Kati nchini Marekani, kama wafanyavyo mapadre wengi wa Afrika wanaoalikwa na majimbo ya huko. Baada ya Misa ya Jumamosi jioni alinijia mama mzee, mjane, akiwa ameshikwa mkono na mwanawe. Kesho yake, baada ya Misa ya asubuhi, nilimwona tena mama yule, safari hii akiwa na mwana mwingine. Nikamwuliza kwa utani kama hatosheki na Misa moja. Yeye hakucheka. Alisema: “Padre, wanangu hawa wawili hawajaketi pamoja mezani tangu uchaguzi wa mwaka 2020. Mmoja huja Jumamosi, mwingine huja Jumapili, wasije wakakutana mlangoni. Mimi huja siku zote mbili, maana wote ni wanangu.”

Tangu siku hiyo, kila ninaposikia habari za mpasuko wa kisiasa katika taifa lile kubwa, namkumbuka mama huyo. Waamini wengi wameniuliza imekuwaje nchi yenye katiba ya zamani, shule nyingi na utajiri mwingi ifikie mahali ambapo ndugu wa damu wanakwepana kwa sababu ya kura. Katika makala haya nitajaribu kueleza chanzo cha mpasuko huo, kwa nini wananchi wameacha kuziamini taasisi zao, na kwa njia gani imani iliyopotea inaweza kurudi.

Kutofautiana si dhambi

Tuanze kwa kuondoa kosa moja. Mama Kanisa hafundishi kwamba amani ya taifa ni watu wote kuwaza sawa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et spes, unakiri kwamba waamini wenye dhamiri njema wanaweza kuwa na maoni tofauti juu ya jambo lile lile la kijamii, na kwamba hakuna mwenye haki ya kujitwalia mamlaka ya Kanisa kwa ajili ya maoni yake peke yake. Bunge lisilo na mabishano si dalili ya afya, bali mara nyingi ni dalili ya woga.

Wataalamu wa sayansi ya siasa hutofautisha mipasuko ya aina mbili. Upo mpasuko wa hoja, pale watu wanapotofautiana juu ya kodi, uhamiaji au matibabu. Na upo mpasuko wa hisia, pale mtu anapomchukia mwenzake kwa sababu tu ni wa chama kingine, hata kabla ya kusikia hoja yake. Ni huu wa pili uliokua kwa kasi nchini Marekani. Katika mwaka 1960 wananchi waliulizwa kama wangechukizwa iwapo mtoto wao angefunga ndoa na mtu wa chama cha upinzani. Waliojibu kwamba wangechukizwa walikuwa kama asilimia 5 tu, katika kila chama. Swali linalofanana na hilo lilipoulizwa mwaka 2010, karibu nusu ya wafuasi wa chama cha Republican na kama theluthi moja ya wafuasi wa chama cha Democratic walisema wangechukizwa. Chama kilikuwa kimegeuka kuwa kama kabila.

Mpasuko ulivyojengeka

Hadi katikati ya karne ya 20, kila chama kilikuwa mchanganyiko. Walikuwapo wahafidhina na wanamageuzi katika vyama vyote viwili, Wakatoliki na Waprotestanti, watu wa mjini na wa shamba. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika ajira na mahali pa umma, ilipita kwa kura za wabunge wa vyama vyote viwili, na wapinzani wake pia walitoka katika vyama vyote viwili.

Baada ya hapo watu walianza kujipanga upya. Wazungu wengi wa majimbo ya Kusini walihamia Republican polepole, nao Wamarekani weusi wakajikita zaidi katika Democratic. Kisha wanaoshiriki ibada kila wiki walielekea upande mmoja na wasio na dini upande mwingine. Vijiji huku, miji mikubwa kule. Matokeo yake, Mmarekani wa leo anaweza kusali, kufanya kazi, kununua mahitaji yake na kulea watoto bila kukutana na jirani wa chama kingine anayemfahamu kwa jina.

Vyombo vya habari navyo vilibadilika. Tangu mwaka 1949 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilivitaka vituo vya redio na televisheni vijadili masuala yenye ubishi na kutoa nafasi kwa mitazamo inayopingana. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1987. Haikuwa sababu pekee, kwani haikuwahi kuhusu magazeti, na televisheni za kulipia zilikuwa zinakuja na utaratibu wao. Lakini baada yake biashara ya hasira ilipanuka, kwanza redioni, kisha katika televisheni za habari za saa 24, na hatimaye katika mitandao ya kijamii, ambayo hupata faida mtu anapokaa muda mrefu mbele ya kioo cha simu. Na hakuna kinachomkalisha mtu kama ghadhabu. Wakati huo huo, tangu mwaka 2005, zaidi ya magazeti 3,000 yamefungwa nchini humo, mengi yakiwa magazeti madogo ya kila wiki yaliyoandika habari za shule, barabara na mahakama ya wilaya. Mwananchi amebaki akifahamu kwa kina ugomvi wa Washington, lakini hajui halmashauri yake imeamua nini juu ya maji anayokunywa.

Imani ilivyomomonyoka

Pamoja na mpasuko huo, imani ya wananchi kwa serikali ilishuka. Katika mwaka 1958 karibu robo tatu ya Wamarekani walisema wanaiamini serikali ya shirikisho kutenda lililo sahihi wakati wote au mara nyingi. Ilipofika mwaka 2024, taasisi ya utafiti ya Pew iliona kwamba waliosema hivyo ni asilimia 22 tu.

Ingekuwa kosa kusema kwamba wananchi wamekuwa wakaidi bila sababu. Katika vita vya Vietnam viongozi waliwaambia ushindi u karibu, huku nyaraka za ndani zikionyesha mashaka yao wenyewe. Katika kashfa ya Watergate, Rais Richard Nixon alificha ukweli mpaka akalazimika kujiuzulu mwezi Agosti mwaka 1974. Mwaka 2003 taifa lilipelekwa vitani Iraki kwa hoja ya silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana. Mwaka 2008 mabenki makubwa yaliokolewa kwa fedha za umma, wakati familia nyingi zilipoteza nyumba zao. Anayedanganywa mara nyingi hujifunza kutosadiki, na kutosadiki huko si ugonjwa daima. Wakati mwingine ni kumbukumbu.

Ugonjwa huanza pale mtu anapoacha kupima ukweli wa jambo na kubaki kuuliza tu nani kashinda. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2020, waliompigia kura Donald Trump na kusema kwamba uchaguzi uliendeshwa vizuri walikuwa kama asilimia 21. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2024, ambao alishinda, waliompigia kura waliosema hivyo walikuwa asilimia 93. Upande wa pili haukuporomoka hivyo, kwani asilimia 84 ya wapiga kura wa Kamala Harris walikubali kwamba uchaguzi uliowashinda uliendeshwa vizuri. Hata hivyo upande huo nao una udhaifu unaofanana: imani kwa serikali ya shirikisho hupanda na kushuka katika vyama vyote viwili kadiri ya nani yumo Ikulu. Imani inayofuata ushindi si imani kwa taasisi. Ni furaha ya mshindi tu.

Na pale maneno yanapokosa kuaminiwa, mikono huanza kunena. Mwezi Juni mwaka 2017 mtu mmoja aliwafyatulia risasi wabunge wa Republican waliokuwa wakifanya mazoezi ya mchezo wa besiboli, na mbunge Steve Scalise nusura afariki. Tarehe 6 Januari 2021 umati wa wafuasi wa Rais Trump ulivamia jengo la Bunge ili kuzuia kuthibitishwa kwa matokeo. Mwezi Julai 2024 Trump mwenyewe alijeruhiwa sikio kwa risasi akiwa jukwaani huko Butler, Pennsylvania, na mmoja wa waliohudhuria akauawa. Mwezi Juni 2025 Melissa Hortman, mwanasiasa wa Democratic aliyewahi kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Minnesota, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe. Miezi mitatu baadaye, Charlie Kirk, mwanaharakati wa upande wa wahafidhina, aliuawa akijadiliana na wanafunzi katika chuo kikuu huko Utah. Damu hiyo haina chama.

Fundisho kutoka katika jeraha la Kanisa

Sisi mapadre hatuna haki ya kuihubiria serikali yoyote juu ya uaminifu kabla ya kutazama nyumba yetu. Kanisa nchini Marekani lilipoteza imani ya watu kwa kosa lake lenyewe. Mwezi Januari 2002 magazeti ya Boston yalianza kufichua jinsi mapadre waliowadhulumu watoto kijinsia walivyohamishwa kutoka parokia hadi parokia, huku wazazi wakinyamazishwa. Mwezi Juni mwaka huo Maaskofu walikutana Dallas na kupitisha Mkataba wa ulinzi wa watoto na vijana. Mkataba huo uliagiza kwamba padre ambaye tendo hata moja la namna hiyo limethibitika dhidi yake aondolewe katika huduma, tuhuma zifikishwe kwa vyombo vya dola, walei washirikishwe katika kuzichunguza, na majimbo yakaguliwe kila mwaka, taarifa zikitolewa hadharani.

Hatua hizo zilizaa matunda, na kesi mpya zilipungua sana. Lakini mwaka 2018 pigo jingine likaja. Uchunguzi wa kisheria katika jimbo la kiserikali la Pennsylvania ulitaja mapadre zaidi ya 300 na watoto zaidi ya 1,000, katika kipindi cha miaka takriban 70. Mengi ya mambo hayo yalikuwa ya zamani, lakini watu walikuwa bado hawajaambiwa. Mwaka huo huo ikafahamika kwamba Theodore McCarrick, aliyekuwa Kardinali na mmoja wa wasemaji wakuu wa Maaskofu kule Dallas, naye alikuwa na hatia. Mwezi Februari 2019 akaondolewa katika hali ya ukleri. Mkataba wa mwaka 2002 uliwabana mapadre, bali haukuweka utaratibu wa kumwajibisha Askofu. Ndipo Papa Fransisko, mwezi Mei 2019, alipotoa sheria kwa ajili ya Kanisa zima, iliyogusa pia wakubwa.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo naona linafaa kwa taifa zima. Kwanza, imani haikurudi kwa kuwaomba watu watuamini. Ilianza kurudi, tena kidogo kidogo, pale wengine waliporuhusiwa kukagua. Pili, sheria inayoishia miguuni pa mkubwa haimtulizi mdogo. Tatu, ukweli unaotolewa nusu hugharimu mara mbili.

Lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia kulielewa jambo hili. Maneno imani, amani, amana na uaminifu yametoka katika shina moja. Amana ni mali ya mtu aliyokukabidhi uitunze. Mwenye mali akija kuuliza hali ya mali yake, mtunzaji mwaminifu haoni kwamba ametukanwa, hufungua sanduku. Cheo cha umma ni amana. Kiongozi anayeudhika kwa kuulizwa amesahau kwamba sanduku si lake.

Njia za kurudisha imani

Njia ya kwanza basi ni kufungua sanduku. Jimbo la Georgia lilifanya hivyo mwezi Novemba 2020. Karatasi zote za kura za urais, karibu milioni 5, zilihesabiwa upya kwa mikono, chini ya maofisa wa Republican, na ikathibitika kwamba Joe Biden wa Democratic alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 13,000. Majimbo mengine, yakiongozwa na Colorado mwaka 2017, huchukua sampuli ya karatasi baada ya kila uchaguzi mkuu na kuilinganisha na hesabu ya mashine. Mambo haya hayapendezi katika habari za jioni, lakini ndiyo mawe ya msingi.

Hata hivyo ukaguzi peke yake hautoshi, kwa kuwa wengi hawakuiamini hata hesabu ya Georgia. Njia ya pili ni ushuhuda wa kiongozi dhidi ya maslahi yake mwenyewe. Mwezi Desemba mwaka 2000, Al Gore wa Democratic, aliyepata kura nyingi zaidi kitaifa lakini akashindwa Florida kwa kura 537, alitangaza kwamba hakubaliani na hukumu ya Mahakama Kuu, lakini anaipokea. Mwezi Oktoba 2008, mwanamke mmoja alipomwambia John McCain wa Republican kwamba hawezi kumwamini Barack Obama kwa kuwa ni Mwarabu, McCain alimkatiza na kusema kwamba mpinzani wake ni mtu mwema wa familia, ambaye anatofautiana naye tu katika masuala ya msingi. Baadhi ya wafuasi wake walimzomea siku hiyo. Wapiga kura husadiki ukweli mchungu pale wanapouambiwa na mtu wao.

Njia ya tatu ni kukutana. Mwezi Desemba 2016, huko South Lebanon, Ohio, watu 21, kumi waliompigia kura Trump na kumi na mmoja waliompigia Hillary Clinton, walikaa pamoja. Kutokana na mkutano huo lilizaliwa shirika liitwalo Braver Angels. Katika semina zake kila upande hutengwa kwanza, huandika mambo mabaya ambayo wengine huusema, kisha hujiuliza maswali mawili: ukweli ni upi, na je, katika lawama hiyo hakuna chembe ya kweli? Majibu yanasomwa mbele ya wote. Ndugu msomaji utaona kwamba zoezi hili linakaribiana na utafiti wa dhamiri. Hakuna anayeombwa kuacha msimamo wake. Anaombwa kukiri kosa la upande wake kabla ya kutaja la mwenzake.

Zoezi hilo lina sababu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na shirika la More in Common ulionyesha kwamba wafuasi wa kila chama hudhani wapinzani wenye misimamo mikali ni karibu mara mbili ya idadi yao halisi. Yaani watu wanamwogopa jirani ambaye kwa sehemu kubwa hayupo.

Njia ya nne ni ulimi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja kati ya dhambi dhidi ya amri ya nane hukumu ya haraka, yaani kumsadiki mtu kuwa na kosa la kimaadili bila msingi wa kutosha. Na kwa kumfuata Mtakatifu Inyasi wa Loyola inatufundisha kuyapokea maneno ya mwenzetu kwa maana iliyo njema kadiri inavyowezekana, na tusipoweza, tumwulize anamaanisha nini. Naye Baba Mtakatifu Leo XIV, mzaliwa wa Chicago, alipokutana na wanahabari tarehe 12 Mei 2025, siku nne tu baada ya kuchaguliwa kwake, aliwaalika kuyavua maneno silaha, ili dunia nayo ivuliwe silaha.

Lakini tusidanganyane: upatanisho si kufunika ukweli. Mafundisho jamii ya Kanisa hayaingii yote katika mfuko wa chama kimoja. Mkatoliki wa Marekani anayetetea uhai wa mtoto aliye tumboni na pia utu wa mhamiaji atajikuta mara nyingi hana makao ya kisiasa. Hali hiyo ni msalaba, lakini pia ni utume, kwa kuwa mtu asiye mali kamili ya chama anaweza kusimama katikati na kusikilizwa na pande zote mbili.

Sisi tunahusikaje

Wapo Wakatoliki wengi wasemao Kiswahili wanaoishi Marekani, kutoka Kongo, Tanzania, Kenya na nchi jirani. Baadhi yao wamekwisha kuwa raia na wanapiga kura. Nasi tuliobaki nyumbani tunawatumia video, nao wanatutumia. Kabla ya kusambaza maneno ya kuwafanya nusu ya watu wa taifa lile waonekane mashetani, tujiulize kama tungeyasema mbele ya mama yule niliyemtaja mwanzoni, aliye na mwana katika kila upande.

Mwezi Septemba 2025, katika ibada ya kumkumbuka Charlie Kirk, mjane wake Erika alisimama mbele ya maelfu ya watu na kusema kwamba amemsamehe kijana anayetuhumiwa kumwua mumewe. Neno hilo haliondoi kazi ya mahakama wala halimalizi mabishano ya sera. Linafungua tu mlango ambao sheria haiwezi kuufungua.

Nilipomwaga mama yule, nilimwuliza anataka nimwombee nini. Nilidhani ataniambia nimwombee mwanawe mmoja abadili mawazo. Akasema: “Uniombee ile Siku ya Shukrani ya mwezi Novemba wanangu wale pamoja. Wabishane wapendavyo, ila wawe mezani.” Tuendelee kumwombea hilo, yeye na taifa lake, na mabaraza yetu, jumuiya zetu ndogo ndogo na familia zetu, ili tofauti zetu zisije zikatufanya tugawane siku za kuja kwa Bwana.